Mpangaji na Vyumba Vyake: i3, Manamba, na Sentensi Moja Niliyokosea

Mwaka jana niliandika insha kuhusu babu yangu, na ndani yake kulikuwa na sentensi moja isiyo ya kweli. Sikuiandika nikijua. Lakini ushahidi wa kuivunja nilikuwa nao mwenyewe, ndani ya kompyuta hiyohiyo niliyoandikia, umbali wa vitufe viwili tu. Insha ilikuwa chumba namba 2. Ushahidi ulikuwa chumba namba 7. Kwa miezi kumi na moja sikuwahi kuviweka pamoja.

Kwa hiyo haya ni mapitio ya programu, ndiyo, na wapenzi wa riwaya naomba msikimbie. Programu yenyewe inaitwa i3. Kazi yake ni kupanga madirisha kwenye skrini ya kompyuta ya Linux, na kuyagawa katika vyumba unavyohamia kwa kibodi bila kugusa kipanya. Ninaihakiki hapa, mahali tunapohakiki vitabu, kwa sababu nimegundua kwamba namna ninavyopanga madirisha ndiyo namna ninavyosoma. Na namna ninavyosoma iliniponza.

Nianze na jinsi ilivyonifikia. Naishi Rudewa, ile ya Kilosa, kwenye barabara ya kwenda Dumila. Laptopu yangu niliinunua imeshatumika, ina kumbukumbu ya gigabaiti nne, na ukifungua vitu vitatu kwa mpigo ilikuwa inapumua kama mtu aliyepanda mlima. Binamu yangu alipokuja likizo aliichukua jioni moja, akafuta kila kitu, akaweka Linux na i3 juu yake. Asubuhi nikawasha, nikakuta skrini nyeusi. Hakuna picha, hakuna menyu, hakuna kitu cha kubofya. Chini kabisa kuna mstari mwembamba wenye namba moja: 1.

Nikampigia simu. "Aisee, umeniharibia mashine."

Akacheka. "Kaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Enter."

Nikabonyeza. Dirisha likafunguka, likajaza skrini nzima. Nikabonyeza tena, la pili likaja, na la kwanza likasogea lenyewe kumpisha mwenzake, nusu kwa nusu. La tatu likaja, wote wakagawana sawasawa. Hakuna aliyemkalia mwenzake juu. Nikakata simu nikakaa kimya kidogo. Kwa mtu aliyezoea madirisha yanayorundikana kama nguo za mtumba mnadani, ule utulivu ulikuwa kitu kigeni.

Waingereza wanaiita programu ya aina hii msimamizi wa madirisha. Mimi naiita mpangaji, na nina sababu. Kiswahili kina neno moja, kupanga, linalofanya kazi mbili: unapanga viti, na unapanga chumba kwa mtu. Mpangaji ni anayeweka vitu mahali pake, na mpangaji ni yule wa chumba kimoja uani, anayelipa kodi kila mwisho wa mwezi. Ndani ya i3 maana zote mbili zinakutana. Programu inapanga, na madirisha yamepanga.

Utaratibu wake ni huu. Kuna kitufe kimoja unachokichagua siku ya kwanza kiwe kitufe kikuu; wengi huchukua cha Windows au Alt. Kitufe kikuu na 1, uko chumba cha kwanza. Kitufe kikuu na 2, uko cha pili, na kadhalika hadi cha kumi, ambacho kiko kwenye sifuri. Ukitaka kuhamisha dirisha ulilo nalo, unaongeza Shift: kitufe kikuu, Shift na 7, na dirisha linakwenda chumba cha saba.

Angalia vizuri jambo linalotokea hapo. Dirisha linakwenda, lakini wewe unabaki. Umelituma, limetoka machoni, na yaliyobaki chumbani yanatanuka mara moja kujaza nafasi yake. Baada ya sekunde moja hakuna pengo la kukukumbusha kwamba kulikuwa na mtu hapa.

Na chumba kisicho na dirisha hakipo. Ukikifungua kikiwa kitupu kinazaliwa. Ukiondoka bila kuweka kitu kinafutika, na namba yake inatoweka kwenye mstari wa chini. Chumba kipo kwa sababu kuna aliyepanga humo, basi. Kama ndani ya chumba usichokiona kuna dirisha linalokuhitaji kwa haraka, namba yake hugeuka nyekundu. Lakini hilo hutokea tu pale programu iliyomo inapojua kuita. Faili la maandishi halijui kuita. Hati ya maneno ya bibi yako inaweza kukaa chumba namba 7 mwaka mzima, na mstari wa chini usiseme lolote zaidi ya "7".

Kabla sijaisema vibaya, niiseme vizuri, maana inastahili.

Kazi yangu kubwa ni kulinganisha maandiko, na kwa kazi hiyo sijawahi kupata chombo bora kuliko hiki. Chukueni mfano wa Nyerere na Shakespeare. Watu wengi wanajua kwamba Mwalimu alitafsiri Julius Caesar. Wachache wanakumbuka kwamba aliitafsiri, akairudia. Tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1963, na jina la mhusika kwenye jalada likiwa Julius Caezar. Mwaka 1969 ikatoka iliyosahihishwa, nalo jina limeshavaa kanzu: Juliasi Kaizari. Ukisoma moja leo na nyingine mwezi ujao, utasema ni kitabu kilekile. Ukiweka picha za kurasa zake kushoto na kulia, na Kiingereza cha Shakespeare katikati, unaanza kuona rais wa nchi akirudi kwenye mstari wake mwenyewe na kubadili neno. Hapo ndipo uhakiki unapoanzia, kwenye lile neno lililobadilishwa. Na huwezi kuliona kama dirisha moja limefunika jingine.

Hilo ndilo fundisho la kwanza la i3, nami nalikubali moja kwa moja: kilicho wazi kionekane chote. Madirisha ya kawaida yanakuruhusu uongo mdogo, kwamba "nimefungua" kitabu fulani, kumbe kimelala chini ya vingine sita na hujakiangalia tangu Jumatatu. Hapa, ukiwa ndani ya chumba, hakuna chini.

Wazo hili si jipya. Kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981 ilipanga madirisha ya kazi bila kuyalalisha moja juu ya jingine. Windows ya kwanza kabisa, ya mwaka 1985, nayo ilifanya vivyo hivyo. Mwaka uliofuata, 1986, watafiti wawili wa Xerox, Austin Henderson na Stuart Card, walieleza mfumo wao ulioitwa kwa Kiingereza Rooms, yaani vyumba. Hoja yao ilikuwa rahisi. Skrini ni ndogo mno ukilinganisha na meza, madirisha yanagombania nafasi, basi tumpe mtu vyumba vingi na milango ya kupitia. Kila kazi chumba chake. Mhandisi wa Kijerumani, Michael Stapelberg, alipoitoa i3 mwaka 2009, alikuwa anakaa kwenye nyumba ambayo msingi wake ulikuwa umechimbwa zamani.

Ila kulikuwa na kitu ndani ya nyumba ile ya 1986 ambacho i3 haikukichukua. Nitakirudia. Kwanza nieleze kosa langu.

Babu yangu mzaa baba alikuja huku kutoka Njombe kukata mkonge. Alikuwa manamba. Wasomaji vijana huenda mmelisikia neno hili kama tusi tu la mtu wa kazi za sulubu, lakini lilikuwa na maana yake kamili: vibarua wa mkataba waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali kwenda mashamba makubwa ya Tanga, Morogoro na kwingineko. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kutafuta watu hao, SILABU. Na neno lenyewe limetoka kwenye namba. Kibarua alikuwa na kipande, kadi ya kuhesabia siku zake thelathini za kazi, na kipande kilikuwa na namba. Jina la mtu lilikuwa jambo la ziada.

Miaka michache kabla hajafariki nilimrekodi babu kwa simu, dakika arobaini na kitu. Nikamuuliza alifikaje huku. Akajibu kwamba alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa kijana anayetaka baiskeli. Alisimulia safari kwa raha: lori, baridi ya kwao, joto la huku, na mara ya kwanza kuona mistari ya mkonge imenyooka mpaka macho yanachoka. Niliinukuu rekodi yote neno kwa neno. Faili hilo niliweka chumba namba 2, pamoja na insha.

Insha ilikuwa na hoja nzuri. Nasema nzuri maana bado naipenda kidogo. Nilidai kwamba maandishi yetu yamezoea kumchora manamba kama mtu wa kusukumwa tu, kana kwamba hakuwa na nia wala hamu yake, na kwamba babu yangu anavunja picha hiyo. Alitaka baiskeli, akaifuata. Nikafunga aya kwa sentensi hii: "Hakuna aliyemlazimisha." Ikachapishwa. Watu wakapongeza.

Sasa chumba namba 7. Shangazi yangu alikuwa anakusanya mambo ya ukoo, nani alizaa nani, nani alizikwa wapi. Akaniomba nimrekodi bibi, kwa kuwa mimi niko naye hapahapa. Nikamrekodi jioni mbili uani kwake, nikanukuu, nikatuma majina na tarehe kwa shangazi. Faili likabaki wazi. Nilikuwa nimelituma chumba cha 7 siku hiyo ili nipate nafasi ya kuandika kitu kingine, nikabaki nilipo. Kila nilipozima mashine na kuiwasha, nilirudisha mafaili vyumba vilevile, kwa mazoea ya vidole. Mbili, insha na babu. Saba, ukoo. Vidole havisomi.

Siku moja nilikuwa natafuta jina la kijiji ambacho babu alikitaja. Nikajua nimelisikia na kwa bibi. Nikaenda 7, nikalichukua faili la bibi, nikalileta 2. Babu akasogea kumpisha. Wakakaa nusu kwa nusu, kama walivyokuwa wakikaa barazani.

Bibi anasema hivi, nafupisha. Baba yake babu alidaiwa kodi ya kichwa na hakuwa nayo. Kaka mkubwa, aliyetakiwa kwenda kuifanyia kazi, alikimbia usiku. Basi akatumwa mdogo. Bibi wakati huo alikuwa binti mdogo anayeuza togwa kambini, na anasema yule kijana mwezi wa kwanza aliitwa kwa namba ya kipande chake, mpaka yeye alipomuuliza, "We unaitwa nani kwenu?"

Mimi nikahamia upande wa babu, nikatafuta pale nilipomuuliza kama kuna aliyemtuma. Nilikuwa nimelisahau swali hilo. Kumbe nilimuuliza. Katika unukuzi wangu jibu lake ni mistari miwili: kwenye mabano nimeandika "anakohoa", halafu, "Hayo yalishaisha. Nilikuja mwenyewe."

Kile kikohozi nilikuwa nimekisoma mara kumi. Kilikuwa kikohozi cha mzee. Kilipokaa pembeni ya maneno ya bibi kikawa kitu kingine.

Msinielewe vibaya. Sisemi babu alidanganya na bibi ndiye mkweli. Mtu aliyetumwa kwa deni la baba yake, akaishi nalo maisha yote huku ugenini, ana haki ya kusema nilikuja mwenyewe. Huenda hiyo ndiyo baiskeli yenyewe aliyoipata. Sentensi yake ni yake, na ina uzito wake. Sentensi ya uongo ni ile yangu. "Hakuna aliyemlazimisha" babu hakuisema popote. Niliisema mimi, kwa niaba yake, nikiwa nimemtazama yeye peke yake kwenye chumba kizuri kisicho na mrundikano.

Sasa, je, hilo ni kosa la programu? Mtasema fundi mbaya hulaumu jembe. Sawa. Kosa ni langu, na nimelikiri. Lakini mhakiki akisoma kitabu huuliza kimemfikiria msomaji wa namna gani, na nami nina haki ya kuuliza i3 imemfikiria nani.

Jibu limo kwenye maelezo yake yenyewe: imekusudiwa hasa watumiaji waliobobea na watengenezaji wa programu. Mwongozo wake wa mtumiaji nimeusoma mwanzo hadi mwisho, tena kwa raha. Umeandikwa kwa lugha safi, kila amri ina mfano, hauringi, na wenye mradi waliweka nyaraka nzuri kuwa mojawapo ya malengo yao. Ni moja ya maandiko machache ya kiufundi ninayoweza kumpa mtu asiye fundi. Lakini mtu anayefikiriwa humo ana kazi zinazotengana zenyewe. Hapa msimbo, pale barua pepe, kule muziki. Kwa mtu huyo, kuhama chumba ni kupumzika na kazi moja ili uingie nyingine. Vyumba vinamlinda asichanganye.

Kazi ya anayesoma na kuandika haiko hivyo. Mambo ya ukoo na mambo ya insha yalionekana kazi mbili kwa sababu watu wawili waliniomba kwa nyakati mbili. Babu na bibi walikuwa habari moja. Mgawanyo ule niliufanya mimi sekunde ile nilipobonyeza 7, kwa sababu ndogo kabisa, kutafuta nafasi, na programu ikaushika mgawanyo huo kwa uaminifu kuliko nilivyostahili.

Hapa ndipo narudi kwenye kile kilichoachwa. Katika mfumo wa Henderson na Card, dirisha moja liliweza kuwekwa katika vyumba zaidi ya kimoja. Walishaona mwaka 1986 kwamba kuna vitu havina kwao pamoja tu. Katika i3, dirisha lina chumba kimoja. Liko 2 au liko 7. Kuna namna ya kulifanya dirisha linaloelea likufuate kila uendako, lakini hilo ni kama mtoto anayeng'ang'ania kanga ya mama yake. Huwezi kusema akae kwa bibi na kwa shangazi tu.

Jirani yake i3, programu iitwayo dwm, iliyotoka mwaka 2006, ililijibu swali hili vizuri zaidi. Yenyewe haina vyumba hasa, ina alama. Dirisha unalibandika alama 2, au 7, au zote mbili, na wewe unaweza kuamua kutazama alama 2 na 7 kwa pamoja. Kama ningekuwa natumia dwm, faili la bibi lingeweza kuwa "ukoo" na "babu" kwa wakati mmoja. Kwa kazi ya uhakiki wazo la alama ni kubwa kuliko wazo la vyumba. Riwaya moja inaweza kuwa ya mapenzi, ya mji, na ya njaa, na hakuna anayeilazimisha ichague.

Lakini dwm ina lake. Ukitaka kubadili chochote unahariri msimbo wake wenyewe, halafu unaijenga upya. Na wenyewe kwenye ukurasa wao walijigamba, kwa utani ambao si utani sana, kwamba hilo linawapunguzia watumiaji na kuwaweka mbali wageni wenye maswali ya kijinga. Mimi ni mgeni mwenye maswali ya kijinga. Nilijaribu wiki moja, nikarudi i3, ambako mipangilio yote ni faili moja la maandishi lisomekalo. Mlango uliofunguliwa kwa wema ni sehemu ya ubora wa kitu, sawa na utangulizi mzuri wa kitabu kigumu.

Basi nimebaki i3, ila nimebadilisha kaya. Niwaeleze, huenda ikamfaa mwandishi mwenzangu mwenye mashine ndogo.

Kwanza, hakuna chumba kinachoitwa kwa namba tupu. Faili la mipangilio linaruhusu jina baada ya namba, na ni kubadili mstari mmoja mmoja tu: mahali palipoandikwa "2" unaandika "2: babu". Kidole bado kinabonyeza 2, kasi ni ileile, lakini mstari wa chini sasa unaniambia nani yuko humo hata nisipokwenda kumwona. Namba kwa mkono, jina kwa jicho. Sikuhitaji kwenda shule kujifunza hilo. Nina bibi aliyemuuliza mtu mwenye namba, we unaitwa nani kwenu.

Pili, chumba kisicho na jina ninachoweza kukipa kwa neno moja hakina haki ya kulala. Jioni kabla sijazima mashine, kila kilichomo humo ama kipate kwao, ama kifungwe. Faili la bibi lilikaa mwaka mzima kwenye chumba ambacho, kama mngeniuliza kinaitwaje, ningejikuna kichwa.

Tatu, na hili ndilo nililojifunza kwa gharama, chumba cha kumi ni baraza. Kinaanza kitupu. Kabla andiko lolote halijatoka kwangu, nalihamishia huko, halafu napita chumba kwa chumba nikiuliza kila faili, wewe una neno juu ya hili? Lenye neno linakuja barazani. Skrini yangu ni ndogo; yakifika matano hayasomeki, yanakuwa vipande vyembamba kama miwa. Hapo naweka mawili mawili. Kazi hii inachukua saa nzima na inachosha. i3 inaweza kujipangia kwa amri kwamba programu fulani daima ifungukie chumba fulani, na kwa barua pepe nimeiruhusu. Baraza sijaiachia. Nani akae karibu na nani ndilo swali la uhakiki lenyewe, na hilo nataka kidole changu kilijibu kila mara.

Nina lalamiko dogo zaidi. Umeme ukikatika na betri yangu, ambayo ni mzee, ikafa, vyumba vyote vinakufa. Mafaili yanabaki kwenye diski, lakini nani alikuwa karibu na nani kumepotea. Kuna amri za kuhifadhi ramani ya chumba na kuirudisha. Nimezijaribu, zinadai kuhariri kwa mkono, na ramani inayorudi ni ya nafasi tupu zinazosubiri madirisha. Zamani lilinikera. Sasa nalichukua kama msiba wenye faida: asubuhi nalazimika kukumbuka kwa nini niliweka hiki karibu na kile, na nikishindwa kukumbuka, labda haikuwa na sababu.

Je, niipendekeze? Kwa anayesoma maandiko mawili kwa mpigo, mtafsiri, mhariri, mwalimu anayesahihisha, ndiyo, bila kusita. Itakufundisha uone vyote ulivyoweka mbele yako. Lakini haitakufundisha uone ulivyoviondoa. Tena itaviondoa kwa haraka na usafi kiasi kwamba utasahau kuwa ni wewe uliyebonyeza.

Insha yangu nimeisahihisha. Sentensi ile nimeitoa, na mahali pake nimeweka ya babu na ya bibi, moja baada ya nyingine, bila yangu katikati. Kabla ya kuituma nilikwenda na laptopu uani kwa bibi ili nimsomee. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama kawaida yake, "Mume wangu, hilo dude lako leo lina nini?"

Nikamsomea yote mawili. Alipolisikia la babu, kwamba alikuja mwenyewe kwa miguu yake, alicheka kidogo, akaangalia pembeni.

"Alisema hivyo?"

"Alisema, bibi."

"Basi liache," akasema. "Ila na langu usilitoe."